Mkuu Anapoiacha Mila: Utiifu, Mapokeo na Mgogoro wa Écône

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo mtoto hufunzwa mapema na ambazo kwa kawaida hazitiliwi shaka. Ya kwanza husema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Ya pili huonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika maisha ya kila siku methali hizi hazigombani, kwa sababu mkuu ndiye aghalabu mlinzi wa mila, na anayemsikiliza huwa papo hapo ameishika mila. Lakini je, itakuwaje pale ambapo mkuu mwenyewe anaonekana kuiacha mila? Akimsikiliza mkuu, mtu atakuwa mtumwa. Akiishika mila, atavunjika guu. Methali zenyewe hazitoi jibu, na pengine hazikukusudiwa kulitoa.

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa kuutazama mgogoro mmoja wa karne ya ishirini ambamo liliulizwa kwa uzito wote: mgogoro baina ya Askofu Mkuu Marcel Lefebvre na uongozi wa Kanisa Katoliki, uliofikia kilele chake tarehe 30 Juni 1988 katika kijiji cha Écône nchini Uswisi. Huenda msomaji akashangaa kuona suala hili likijadiliwa katika jarida la uhakiki wa fasihi. Tuna sababu mbili. Kwanza, dhana ya mapokeo ndiyo nyenzo yetu ya kila siku katika taaluma hii, nasi tumezoea kuitumia bila kuichungua. Pili, Lefebvre hakuwa mgeni wa bara hili: sehemu kubwa ya utu uzima wake aliitumia Afrika, na shirika aliloliongoza kati ya 1962 na 1968, yaani Shirika la Roho Mtakatifu, ndilo lililoanzisha misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo mwaka 1868.

Tutadai kwamba mpinzani anayeyatetea mapokeo huwa na haki kubwa ya kusema, hata kwa sauti ya juu, lakini hupoteza msingi wa hoja yake pindi anapojifanya yeye mwenyewe kuwa chemchemi ya kile anachodai kukipokea. Tutadai vilevile kwamba mamlaka inayodai utiifu kwa jina la mapokeo inadaiwa deni na wale iliowafundisha kuyapenda, na kwamba deni hilo halilipwi kwa amri pekee.

Dhana ya mapokeo

Neno la Kilatini ambalo Kanisa limelitumia kwa karne nyingi kuitaja dhana hii ni traditio, nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kukabidhi. Kiswahili cha Wakatoliki kimelitafsiri kwa neno mapokeo, kutokana na kitenzi pokea. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila imegeuza upande wa kutazamia. Kilatini kinamwangalia anayetoa. Kiswahili kinamwangalia anayepewa. Tofauti hii si ndogo. Ukianza na mtoaji, swali la kwanza litakuwa: ni nani mwenye haki ya kukabidhi? Ukianza na mpokeaji, swali la kwanza litakuwa: je, hiki ninachopewa leo ndicho kile nilichopewa jana?

Kutokana na neno letu tunaweza kuchopoa mambo mawili. La kwanza ni kuwa hakuna ajipokeaye. Kupokea kunahitaji mkono wa pili, na kitu alichojitengenezea mtu hakiwezi kuitwa pokeo lake, hata kikifanana vipi na kile cha wazee. La pili ni kuwa mpokeaji si gunia la kujazwa. Aliyepokea kitu akakithamini ana haki ya kuuliza pale anapoambiwa akitupe. Mambo haya mawili yatatuongoza katika mjadala wote unaofuata.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wanaujua mgogoro unaofanana na huu. Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliyaweka katika maandishi mambo ambayo malenga walikuwa wakiyatenda kwa sikio na mazoea. Baada ya muda sheria hizo zikawa hakimu, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo walioona kuwa tungo zisizo na vina na mizani si mashairi abadani. Wanajadi na wanamabadiliko wakavutana kwa miaka mingi. Lakini tuzingatie tofauti moja kubwa. Katika ushairi hakuna kiti cha enzi. Hapana ofisi iliyopewa uwezo wa kusema neno la mwisho kuhusu shairi ni nini, na mwanajadi anayekataa mabadiliko hajipingi mwenyewe kwa kukataa. Katika Ukatoliki kiti hicho kipo, na isitoshe, kiti chenyewe ni sehemu ya yale yaliyopokewa. Anayeshika mapokeo ya Kikatoliki yote amekishika pia kiti cha Petro. Hapo ndipo penye fundo.

Mkondo wa mgogoro

Lefebvre alizaliwa mwaka 1905 kaskazini mwa Ufaransa, akapewa upadre mwaka 1929 na kutumwa Gabon mwaka 1932, ambako alifundisha na kuongoza seminari. Mwaka 1947 aliwekwa wakfu kuwa askofu na kupelekwa Dakar, na mwaka uliofuata akawa mjumbe wa Papa katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika, kazi aliyoishika hadi 1959. Miongoni mwa mapadre aliowapa daraja ni Hyacinthe Thiandoum wa Senegali, mwaka 1949. Thiandoum ndiye aliyemrithi katika kiti cha Dakar mwaka 1962, akawa kadinali mwaka 1976, na baadaye akajaribu kumpatanisha mzee wake na Roma. Huyu, kwa hiyo, hakuwa mtu wa pembezoni aliyenung'unika kwa kukosa cheo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba 1962 na kufungwa Desemba 1965. Hati yake kuhusu liturujia ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963 kwa kura 2147 dhidi ya 4. Hati kuhusu uhuru wa dini, ambayo Lefebvre aliipinga vikali ukumbini, ilipitishwa tarehe 7 Desemba 1965 kwa kura 2308 dhidi ya 70. Idadi hizi zaonyesha kwamba wanamapokeo walikuwa wachache. Hazionyeshi kama walikuwa wamekosea, kwani ukweli hauamuliwi kwa kura, na Kanisa lenyewe halijawahi kudai hivyo.

Mwaka 1969 Papa Paulo VI alitangaza Misale mpya, nayo ikaanza kutumika mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1970 Lefebvre aliasisi Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Pio wa Kumi, kwa idhini ya askofu wa mahali, akafungua seminari Écône. Novemba 1974 alitoa tamko la kuitii Roma ya milele na kuikataa Roma aliyoiona kuwa imeelemewa na usasa. Mwaka 1975 idhini ya Udugu ikaondolewa. Mwaka 1976 alitoa daraja la upadre licha ya katazo, akasimamishwa huduma za kipadre na kiaskofu. Mwezi uliofuata akaadhimisha Misa mbele ya maelfu ya watu mjini Lille. Tarehe 5 Mei 1988 alitia saini mkataba wa maridhiano na Kadinali Joseph Ratzinger, kisha kesho yake akaurudi. Tarehe 30 Juni, akiwa na umri wa miaka 82, akisaidiwa na Askofu Antonio de Castro Mayer wa Brazili, aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Siku mbili baadaye Papa Yohane Paulo II alitangaza kwamba waliohusika wametengwa na Kanisa. Lefebvre alifariki Machi 1991 akiwa katika hali hiyo.

Nguvu ya hoja ya wanamapokeo

Ni kosa la kihakiki kumhukumu mtu kabla ya kuisikiliza hoja yake katika umbo lake lenye nguvu zaidi. Tujaribu kuisikiliza.

Mwanamapokeo husema hivi. Kanisa lilinifundisha kwamba imani haibadiliki. Mwaka 1864 Papa Pio IX aliorodhesha makosa ya zama zake, na miongoni mwa makosa hayo yamo mawazo kuhusu uhuru wa ibada yanayofanana sana na yale ninayoambiwa leo niyakubali. Mwaka 1907 Papa Pio X alinionya nijihadhari na wale wanaotaka kuilinganisha imani na matakwa ya wakati. Nilipoonywa nilisikia. Sasa mnaniambia kuwa kusikia kwangu ndiko ukaidi. Ni nani basi aliyebadilika: mimi au ninyi?

Kwa maoni yake, kauli tatu za Mtaguso zililingana na kauli tatu za Mapinduzi ya Ufaransa: uhuru wa dini ulikuwa ndio uhuru ule, uongozi wa pamoja wa maaskofu ulikuwa ndio usawa, na maelewano na madhehebu mengine yalikuwa ndio udugu. Ulinganishi huu umekazwa kupita kiasi, lakini una mantiki ya mtu aliyekulia katika nchi ambamo mapinduzi hayo yaliwaua mapadre.

Kuhusu utiifu, mwanamapokeo ana mashahidi wazito. Mtume Paulo alimkabili Petro uso kwa uso huko Antiokia. Thoma wa Akwino alifundisha kwamba imani ikiwa hatarini, aliye chini anaweza kumkosoa mkuu wake hata hadharani. Katerina wa Siena, mwanamke asiye na cheo chochote, alimhimiza Papa Gregori XI arejee Roma kutoka Avignon, naye akarejea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yenyewe inawatambulia waamini haki, na pengine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao, na kanuni yake ya mwisho inakumbusha kuwa wokovu wa roho ndiyo sheria kuu. Lefebvre alitegemea jambo hilo alipodai kuwa palikuwa na hali ya dharura: asipopatikana askofu wa kuendeleza upadre wa kale, upadre huo ungekufa pamoja naye.

Hoja hii si ya kupuuzwa. Inasimama juu ya kanuni inayokubaliwa na pande zote: kwamba mkuu naye yuko chini ya kitu. Papa si mmiliki wa imani. Ni mtunzaji wake. Atakayekana hilo atakuwa ameigeuza mila kuwa matakwa ya mkuu, na hapo methali ya kwanza itakuwa imemezwa na ya pili.

Udhaifu wa hoja hiyo

Hata hivyo, tukiwaangalia tena mashahidi walioitwa, tunaona jambo linalowaunganisha. Paulo alimkemea Petro, lakini hakujitangaza kuwa Petro mwingine. Thoma alizungumzia kukosoa, naye kukosoa ni tendo la maneno linalomwacha mkosolewa katika nafasi yake. Katerina aliandika barua kali na kusihi, kisha akangoja Papa aamue. Wote walisema na mkuu. Hakuna kati yao aliyejijengea njia ya kuishi bila mkuu.

Tendo la tarehe 30 Juni lilikuwa la aina nyingine. Askofu katika Ukatoliki ni kiungo cha mnyororo wa makabidhiano unaorudi nyuma hadi kwa mitume. Kumweka wakfu askofu kinyume cha katazo la Papa ni kujipatia uwezo wa kuendelea milele hata kama Papa hatakubali kamwe. Kabla ya siku hiyo Lefebvre alikuwa mpokeaji anayelalamika kwamba amenyimwa urithi. Baada ya siku hiyo alikuwa amejipa uwezo wa kurithisha. Hapa kanuni yetu ya kwanza inarudi: hakuna ajipokeaye.

Pana ugumu mwingine wa kimantiki. Mapokeo hayasemi yenyewe. Ni maandiko, ibada, maamuzi na mazoea ya karne nyingi, na kila kimojawapo kinahitaji msomaji. Sisi wahakiki tunalijua hili vyema: matini iliyo bubu haiwezi kumkosoa msomaji wake. Anayesema kwamba anayafuata mapokeo dhidi ya Roma ya leo anasema kwa hakika kwamba anafuata usomaji wake wa mapokeo dhidi ya usomaji wa Roma. Lakini kuamua mtu binafsi maana ya yaliyopokewa, na kuifanya hukumu yake kuwa ya mwisho, ndilo hasa jambo ambalo Pio IX na Pio X walilipinga maisha yao yote. Mtetezi wa mapapa wa kale anajikuta akitumia silaha ya maadui wao.

Hata ile Misale inayotetewa haikuwa jiwe lisiloguswa. Papa Pio V alipoitoa mwaka 1570, aliziacha hai ibada nyingine zilizokuwa zimetumika kwa zaidi ya miaka 200. Pio X, ambaye Udugu umeitwa kwa jina lake, alipanga upya zaburi za sala za kila siku za mapadre mwaka 1911. Pio XII aliibadilisha ibada ya Juma Kuu mwaka 1955. Toleo la 1962, ambalo wanamapokeo wengi hulitumia, lilichapishwa na Yohane XXIII, papa yuleyule aliyeuita Mtaguso. Anayelishika toleo hilo amekubali tayari kwamba Papa ana uwezo wa kubadilisha. Anachobishania ni kiasi.

Ushahidi wa mwisho umeletwa na wakati. Mmoja wa wale maaskofu wanne, Richard Williamson, alifukuzwa na Udugu mwaka 2012 kwa kutowatii wakuu wake. Mwaka 2015, naye akamweka wakfu askofu wake bila idhini ya Roma, kama alivyofanyiwa yeye. Hatutaji haya kwa kuwacheka. Tunayataja kwa sababu yaonyesha kwamba kanuni ya tendo la 1988 haikuweza kufungiwa ndani ya tendo hilo. Ikiwa dharura inahukumiwa na anayeiona, basi kila anayeiona ni hakimu.

Deni la mamlaka

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kumkabidhi mkuu ushindi wote. Lakini kanuni yetu ya pili bado haijapewa haki yake: mpokeaji si gunia.

Tumfikirie muumini wa kawaida aliyezaliwa mwaka 1950. Utotoni alifundishwa kwamba Misa ya Kilatini ni hazina isiyo na kifani. Alipokaribia umri wa miaka ishirini aliambiwa kwamba mahali pake pamechukuliwa na nyingine. Mwaka 1984, akiwa na miaka 34, alisikia kuwa ile ya kwanza inaweza kuruhusiwa kwa masharti makali. Alipofika miaka 57, Papa Benedikto XVI alimwambia, katika hati ya Julai 2007, kwamba haikuwahi kufutwa. Alipofika miaka 71, Papa Fransisko alimwambia, katika hati ya Julai 2021, kwamba vitabu vya Paulo VI na Yohane Paulo II ndivyo usemi pekee wa sala ya ibada ya Kirumi, na kwamba ile ya kale itatumika kwa ruhusa tu. Kila amri ilikuwa halali. Kila mojawapo ilikuwa na sababu zake. Hati ya 2021, kwa mfano, ilitolewa kwa hofu kwamba ruhusa ya 2007 imetumiwa kuukataa Mtaguso wenyewe. Lakini muumini huyu ni yuleyule, na moyo wake si ubao wa kufutwa na kuandikwa upya kila anapobadilika mwalimu.

Mamlaka inayofundisha watu kupenda kitu huwa imejifunga kwao. Haijifungi kutobadilisha lolote. Imejifunga kueleza, kusikiliza na kutomwita mwenye majonzi muasi. Hotuba za Paulo VI za Novemba 1969 ni mfano mzuri, kwani humo alikiri waziwazi kwamba kuachana na Kilatini ni sadaka kubwa. Mwaka 1971 waandishi na wasanii wengi, miongoni mwao Agatha Christie, ambaye hakuwa Mkatoliki, na Graham Greene, aliyekuwa Mkatoliki, walitia saini ombi la kuinusuru ibada ya kale kama urithi wa utamaduni wa dunia, na Papa akaruhusu itumike Uingereza katika nyakati maalumu. Hapo mamlaka ilisikia bila kuporomoka. Mahali pengi, hata hivyo, mabadiliko yaliwafikia watu kama tangazo la kodi: yalisomwa, yakaanza.

Ni kweli pia kuwa Roma haikufunga mlango. Mwezi uleule wa Julai 1988 paliasisiwa udugu mwingine, wa Mtakatifu Petro, kwa ajili ya waliotaka ibada ya kale bila kutengana na Papa. Mwaka 2009 adhabu ya wale maaskofu wanne iliondolewa, na mwaka 2015 Papa Fransisko aliwapa mapadre wa Udugu wa Mtakatifu Pio uwezo wa kuungamisha kihalali. Mkuu anayeweza kurudi nyuma hatua moja ili aliyeachwa amfikie hapungukiwi na ukuu.

Kinshasa na Écône

Mwaka 1988 ulikuwa na tukio jingine ambalo hutajwa kwa nadra katika mijadala hii. Tarehe 30 Aprili, miezi miwili kamili kabla ya tendo la Écône, Roma iliidhinisha Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika ibada hiyo wahenga waadilifu huitwa mwanzoni pamoja na watakatifu, kitubio huja baada ya mahubiri, na altare huzungukwa kwa mwendo wa ngoma. Maaskofu wa nchi hiyo, wakiongozwa na Kadinali Joseph Malula wa Kinshasa, walikuwa wameifanyia kazi kwa takriban miaka ishirini.

Kwa mtazamo wa juujuu, Kinshasa na Écône ni ncha mbili: huku mabadiliko, kule ukale. Kwa undani hali si hiyo. Kinshasa nako kulikuwa na wanamapokeo. Walidai kwamba urithi wa wazee wao, ambao ulikuwa umefungiwa nje ya kanisa, una haki ya kuingia na kukaa. Nao pia walikuwa na malalamiko dhidi ya Roma, na wangeweza kusema kwamba dharura ya watu wao haiwezi kungoja. Waliandika, wakajaribu, wakarudishiwa maswali, wakajibu, wakangoja. Walichokipata mwishoni si kila walichokitaka, na jina lenyewe la Misale hiyo lilisisitiza kwamba ingali ya Kirumi. Lakini kilikuwa kimepokewa.

Hatudai kuwa subira huzaa matunda kila mara. Wako wengi waliongoja wakafa wakingoja. Tunachodai ni kuwa uadilifu wa upinzani haupimwi kwa ukale wala kwa upya wa kinachotetewa. Unapimwa kwa swali hili: je, mpinzani bado anakubali kwamba neno lake linahitaji jibu la mwingine?

Utiifu wenye majonzi

Marehemu baba yangu alikuwa katekista katika parokia moja ya magharibi mwa Kenya. Akiwa mvulana, mwishoni mwa miaka ya 1950, alimhudumia padre altareni, na majibu yote ya Kilatini aliyajua kwa moyo kabla ya kujua maana yake. Kiswahili kilipoingia kanisani katikati ya miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa vijana waliofundishwa kuwafundisha wengine sala mpya. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kumsikia akiilaani. Lakini nyumbani, alfajiri, alipodhani sote tumelala, aliyanong'ona majibu yale ya kale, peke yake, yeye akiwa padre na mtumishi kwa wakati mmoja.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nilimwuliza, kwa ujeuri wa umri ule, kama hakuona kuwa anaishi maisha mawili. Alinijibu kwamba kumtii mzee hakumzuii mtu kumlilia marehemu. Kwa miaka mingi niliyachukua maneno hayo kuwa njia ya kulikwepa swali langu. Siku hizi naona kwamba yalilijibu barabara. Alikataa kuchagua baina ya methali mbili. Mkuu alimsikia, mila hakuiacha. Gharama ya kuzishika zote mbili aliilipa mwenyewe, kwa siri, wala hakumtoza mtu mwingine.

Msimamo huu nao una hatari yake. Mamlaka hupenda sana watu kama baba yangu, kwa kuwa majonzi yao hayasumbui mtu, na ni rahisi kuufanya uvumilivu wa watu kama hao kuwa kisingizio cha kutosikiliza wanaosema. Iwapo kila mwenye uchungu angenong'ona alfajiri tu, Kinshasa kusingepata Misale yake, wala Uingereza kusingepata ruhusa ya 1971. Kwa hiyo hatumweki baba kuwa kipimo cha wote. Tunamweka kuwa shahidi kwamba kati ya utumwa na guu lililovunjika ipo nafasi ya tatu, ingawa ni nyembamba.

Hitimisho

Tulianza na methali mbili zinazogongana pale mkuu anapoonekana kuiacha mila. Mgogoro wa Écône umetuonyesha kwamba kila upande ulishika nusu ya neno mapokeo. Lefebvre alishika kwa nguvu haki ya mpokeaji ya kuuliza, akasahau kwamba hakuna ajipokeaye. Roma ilishika kwa nguvu haki ya mtoaji, na kwa vipindi virefu ikasahau kwamba aliyepewa kitu kwa heshima hanyang'anywi kwa tangazo. Makosa haya mawili hayalingani, kwa sababu la kwanza hukata uzi wenyewe ilhali la pili huuchakaza. Lakini uzi uliochakazwa muda mrefu hukatika kwa urahisi, na anayeuchakaza ana sehemu yake katika lawama siku unapokatika.

Kwa wanaofundisha fasihi, funzo halipo mbali. Nasi tunakabidhi, na wanafunzi wetu wanapokea. Tunabadilisha mitaala, tunaondoa tenzi na kuleta riwaya, tunatangaza kwamba nadharia tuliyoiapia jana imepitwa. Tuna uwezo wa kufanya hivyo, na pengine tuna sababu nzuri. Lakini mwanafunzi aliyeipenda tenzi kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha kuipenda akija ofisini kutuuliza kwa nini imeondolewa, swali lake si ukaidi. Tunadaiwa jibu, na tunadaiwa tulitoe ana kwa ana.